Umeme Uende Nairobi, Joto Libaki Nakuru

Hotuba kwa wajumbe wa vyama vya ushirika vya wakulima, wafugaji na wavuvi, Nakuru

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa ushirika kutoka Bahati, Solai, Rongai, Subukia, Njoro na Molo, wageni wetu mliotoka Kericho, Kisumu na Homa Bay, wazee, akina mama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma ilhali viti vimejaa tele hapa mbele: hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya jotoardhi. Najua neno hilo likitajwa mnachokiona akilini: Olkaria, mabomba yanayopinda huku na huku, mvuke unaofuka mchana kutwa, na nyaya zinazopita juu ya mashamba yetu kwenda zake. Mna haki. Zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutoka chini ya ardhi, na karibu wote ni wa kaunti hii yetu. Olkaria ilianza kuzalisha mwaka 1981. Hapa Menengai mtambo wa kwanza wa megawati 35 ulianza kazi mwaka 2023. Umeme una mawaziri, una wafadhili, una watetezi wa kutosha. (Kicheko.) Leo nimekuja kuliombea joto lenyewe.

Nianze na hesabu ambayo wengi hawajawahi kuelezwa. Mvuke ukitoka kisimani huzungusha tabaini, na tabaini ikazalisha umeme. Lakini kwa wastani wa mitambo ya jotoardhi duniani, kati ya sehemu 100 za joto lililotoka ardhini, ni kama 12 tu ndizo zinazogeuka umeme. Zilizobaki hupotelea hewani kwenye minara ya kupozea, au hurudishwa ardhini pamoja na maji. Sisemi wahandisi wamezembea. Ndivyo maumbile yalivyo, ukitaka umeme kutokana na mvuke wa nyuzi hizo utalipa gharama hiyo. Ila ukilitumia joto kama joto, kwa kuchemsha au kukausha kitu, unapata sehemu kubwa ya kile kilichotoka.

Sasa tofauti ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito. Umeme husafiri. Unatoka Olkaria, dakika hiyo hiyo uko Nairobi, uko Mombasa. Joto halisafiri hivyo. Kweli, kule Aisilandi wana bomba linalotoa maji ya moto kituo cha Nesjavellir hadi karibu na mji wa Reykjavik, kilomita 27, na maji yanapoteza nyuzi zisizozidi 2 njiani. Lakini hilo ni bomba la kuupasha moto mji mzima, limejaa maji na limefunikwa vizuri. Kabomba kadogo ka ushirika wetu kakiwekwa umbali huo, yatakayofika ni maji ya kunawia mikono. Kwa hiyo joto la Menengai ni mali ambayo kwa asili yake lazima itumiwe na majirani wa Menengai, la sivyo haitumiwi na mtu. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wa jotoardhi wamekuja siku nyingi. Mwenyeji atapona kwa hili, maana ndilo pekee wasiloweza kuondoka nalo.

Mwaka 1973 mhandisi mmoja wa Aisilandi, Baldur Líndal, alichora mchoro ambao hadi leo unabandikwa kwenye kuta za ofisi za jotoardhi. Ni mchoro mwepesi: upande mmoja nyuzi za joto, upande wa pili kazi zinazoweza kufanywa kwa nyuzi hizo. Juu kabisa kuna umeme. Ukishuka unakuta viwanda, ukaushaji wa mazao, usindikaji wa vyakula, kupasha nyumba joto, na chini kabisa ufugaji wa samaki. Ukiutazama kwa macho ya mkulima wa Nakuru unagundua kwamba kazi zetu karibu zote ziko nusu ya chini. Maziwa yanatakiwa kufika nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa nusu saa. Mahindi ya chakula yanakauka vizuri kwa hewa ya nyuzi 50 hadi 60. Ya mbegu yasizidishwe nyuzi 43 hivi, yatakufa. Tilapia anataka maji ya nyuzi 26 hadi 30. Hakuna hata moja hapo linalohitaji kisima cha nyuzi 300.

Ndiyo maana huwa nakereka nikisikia kisima kikiitwa kibovu. Kuna visima vilivyochimbwa kwa mamia ya mamilioni ya shilingi, vikakosa msukumo wa kuendesha tabaini, vikafungwa kwa vali na kuandikiwa ripoti. Kwa umeme, sawa, havifai. Lakini maji ya moto yaliyomo yangeweza kuchemsha maziwa ya tarafa nzima. Gharama ya kuchimba imekwisha kulipwa. Sisi hatuombi tuchimbiwe kisima. Tunaomba kile ambacho aliyekichimba hakihitaji.

Na msidhani nawaletea ndoto za Ulaya. Nendeni Eburru, si mbali, juu ya Gilgil. Kule mvuke hutoka kwenye nyufa za mlima wenyewe, na mlima ule hauna mito. Watu walitega mabomba juu ya nyufa. Mvuke ukipita ndani ya bomba unapoa, unageuka matone, matone yanaingia kwenye tangi. Hayo ndiyo maji ya kunywa na ya kunywesha mifugo. Ukikaa pale asubuhi na mapema, kukiwa na baridi, utaona matone yanakuja haraka. Jua likipanda yanapungua, kwa sababu bomba lenyewe limepata moto na mvuke haupoi vizuri. Hakuna pampu wala fundi. Karibu na hapo kuna nyumba ya kukaushia pareto iliyojengwa enzi za walowezi: mvuke unapashia hewa, hewa inapanda kupita kwenye trei za maua. Wazungu wakaondoka, wenyeji wakaendelea kukausha pareto zao humo. Teknolojia hii ina umri wa babu zetu. Tuliiacha mlimani tukaenda kukata miti.

Halafu kuna shamba la maua la Oserian, Naivasha. Tangu mwaka 2003 walikodi kisima kilichochimbwa kwa ajili ya kutafuta umeme, wakakitumia kupasha joto vivungulio, zile nyumba za plastiki za kukuzia maua, vya hekta 50. Mtauliza, Naivasha kuna baridi gani? Shida ni ya usiku. Usiku joto la Naivasha linashuka, ukungu unaganda kwenye majani, na asubuhi unakuta kuvu. Wakipitisha maji ya moto kwenye mabomba alfajiri, hewa inakuwa kavu na dawa za kupulizia zinapungua. Hata gesi ya kaboni iliyomo kwenye mvuke wakaielekeza ndani ya vivungulio, maana maua yanaipenda. Mwenye pesa zake aliona faida hiyo zaidi ya miaka 20 iliyopita. Sisi wenye mashamba madogo bado tunasubiri kuambiwa.

Hapa hapa Menengai, kampuni ya serikali ya GDC ilijenga miradi ya mfano ndani ya kasoko: mashine ya kuchemshia maziwa, mabwawa ya samaki, kivungulio, na dobi. Baadaye ikaongezwa mashine ya kukausha nafaka. Wengi wenu mmepelekwa kutembezwa, mkapiga picha, mkapewa soda. Basi. Mfano umekuwa mfano kwa muda mrefu mno. Lengo la mfano ni kupata watoto, na watoto hao hawatazaliwa na GDC. Kazi yao ni kuchimba visima. Watazaliwa na vyama vilivyomo humu ndani.

Sina ugomvi na lile bwawa la kuogelea la Olkaria lililofunguliwa mwaka 2013. Watalii wakaoge. Lakini mkulima wa Subukia hawezi kuanika mahindi yake kwenye bwawa la kuogelea. (Kicheko.)

Sasa tuingie kwenye mahindi, maana hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Mahindi yakivunwa kwenye mvua huja na unyevu wa asilimia 20, mara nyingine zaidi. Mnunuzi anataka 13.5. Chukua gunia la kilo 90 lenye unyevu wa 20. Ili lifike 13.5 ni lazima litolewe karibu lita 7 za maji. Lita saba kila gunia! Mwenye magunia 100 ana lita karibu 700 za maji zilizojificha ndani ya punje, na anategemea jua la Novemba lizitoe. Mnakumbuka mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023. Turubai barabarani, mawingu yakitanda mnakimbilia kukusanya, jua likichomoza mnaanika upya. Watoto wanatolewa shule kufukuza kuku. Na broka anapita na kile kipimo chake, anachoma gunia, anatikisa kichwa, anataja bei ya kukutukana, na unauza kwa sababu unajua kesho yataota.

Anayeuza kwa hasara ana bahati kuliko anayeweka ghalani yakiwa mabichi. Mwaka 2004 kule Ukambani sumukuvu iliwapata watu 317 na 125 wakafa. Walikula mahindi waliyoyalima wenyewe. Yalihifadhiwa kabla ya kukauka.

Tupige hesabu ya joto. Lita moja ya maji kwa sekunde, mtiririko wa bomba la kawaida tu, ikiingia kwenye mashine ya kukausha ikiwa na nyuzi 90 na kutoka ikiwa na 50, inaacha humo kilowati 167 za joto. Hata tukikubali kwamba nusu ya joto hilo linapotea kwenye mabati na milango, tunakausha zaidi ya magunia 15 kwa saa, usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Bila kuni. Bila dizeli, isipokuwa umeme wa kuendesha feni na pampu. Maji hayo hayo ya nyuzi 90, mkiyapeleka kwenye mtambo wa umeme, yatawasha nini? Vijitaa.

Na yakitoka na nyuzi 50 hayajaisha. Tuyatumie kama tunavyomtumia mbuzi: nyama wageni, matumbo nyumbani, kichwa na kwato supu. Yatoke kwenye maziwa yaende kwenye nafaka, kutoka nafaka yakapashe vivungulio vya nyanya na miche, kutoka hapo yakauvuguvugishe usiku wa samaki. Nyie wa Njoro na Molo mnajua tilapia wa kwenu wanavyodumaa. Baridi ile inawafanya wakae tu, hawali, mwaka unaisha hawajafika sahani.

Hapa niseme jambo ambalo wauzaji wa miradi hawapendi kulisema. Joto si la bure. Mvuke haulipiwi ushuru wa bandarini, lakini mabomba yananunuliwa, kifuniko cha mabomba kinanunuliwa, kibadilisha joto, kile chombo cha kuhamisha joto bila kuchanganya maji, kinanunuliwa, na fedha hizo zote zinatoka mwanzoni kabla hujakausha gunia moja. Ndiyo sababu mashine ya nafaka peke yake huua mradi. Mahindi ya huku yanavunwa kuanzia Oktoba hadi Januari hivi. Miezi inayobaki mashine inalala na mkopo haulali. Chama cha nafaka kisijenge peke yake. Kijenge na chama cha maziwa, kwa sababu ng'ombe anakamuliwa kila siku ya Mungu. Kiwakaribishe watu wa pareto, watu wa mboga za kukausha, watu wa samaki. Mimi ningefika mbali zaidi: kama maziwa hayamo, msijenge. Maziwa ndiyo yanayolipa mkopo. Mahindi ndiyo yanayowafanya watu wajiunge.

Tena mzigo uende kwenye joto, joto lisifuatwe na mabomba hadi kwa kila mtu. Nimewahi kusikia mwanasiasa, simtaji, akiahidi maji ya moto kila nyumba Nakuru. Hapana. Wenye baridi ya kuua ni Waaisilandi. Wao nyumba kama tisa katika kila kumi zinapashwa kwa jotoardhi kwa sababu bila hivyo wangeganda. Sisi tunahitaji kituo kimoja, miteremko ya Menengai, upande ambao lori la Solai na la Rongai linafika bila kukwama.

Wenzetu wa ziwani. Najua mmekaa mkijiuliza mmeletwa kufanya nini. Aisilandi wanakausha vichwa vya samaki ndani ya nyumba kwa hewa ya jotoardhi, wanavifunga, vinasafirishwa hadi Nigeria, na Wanigeria wanavigombania sokoni. Vichwa! Vitu ambavyo kiwanda kingevitupa. Nanyi omena wenu wanaanikwa chini, kwenye nyavu, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo inabidi wauzwe wawe chakula cha kuku kwa bei ya takataka. Karibu na mlima Homa kuna chemchemi za maji moto. Si Olkaria ile, na hakuna atakayezalishia umeme mkubwa pale. Lakini kukausha omena hakuhitaji Olkaria. Wakiwapo watu wa Homa Bay humu, na nawaona, kazi yenu ya kwanza ni kuomba maji yale yapimwe: yana nyuzi ngapi, yanatoka lita ngapi kwa sekunde, yamebeba nini ndani yake. Vipimo vitatu hivyo kwanza, mradi baadaye.

Kericho, sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Viwanda vya chai vinakula kuni nyingi, na sehemu ya joto hilo ni la kunyausha majani tu, hewa ya vuguvugu. Lakini joto la Menengai halitafika kwenu. Mkisikia mtu anawauzia bomba, mrudisheni alikotoka.

Sasa hatari, kwa ufupi maana nimeonyeshwa saa. Mvuke huja na gesi inayonuka kama yai viza. Ukiisikia harufu, ondoka; ikizidi sana pua inaacha kuisikia, na hapo ndipo inapoua. Kazi ya kisimani ni ya waliofunzwa. Pili, maji ya kisima yana madini. Watu wa Nakuru hatuna haja ya kuhubiriwa juu ya floridi, ile inayotia meno madoa; tazameni meno yetu. Kwa hiyo maji ya ardhini hayagusi maziwa kamwe, wala hayamwagwi shambani. Yanapita upande mmoja wa bati jembamba, maji safi upande wa pili, joto linavuka, madini yanabaki. Kisha yanarudishwa chini. Anayewaambia mpunguze gharama kwa kuondoa hicho kibadilisha joto anawaua polepole.

Mwisho ni mkataba. Sheria ya Nishati ya 2019 inasema mrabaha wa jotoardhi, yaani malipo anayotoa mwenye mtambo kwa kulitumia, ugawanywe: serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, na jamii ya mahali husika 5. Tuidai hiyo tano, lakini tusilale tukiisubiri. Na tuandikiane. Mwaka 2014 ndugu zetu Wamaasai wa Olkaria walihamishwa kupisha mtambo, na malalamiko juu ya yaliyofuata yakafika hadi Benki ya Dunia. Ahadi za mdomo chini ya mti ni nzuri kwa harusi. Sisi tunataka karatasi inayosema: tutapata joto la nyuzi ngapi, kwa miaka isiyopungua muda wa mkopo wetu, bei ihesabiwe kwa mita ya joto, ile inayopima maji yaliyopita na nyuzi zilizopungua, isiwe bei ya mwezi ya kukadiria, na kisima kikifungwa kwa matengenezo katikati ya Novemba, nani analipa dizeli ya kukausha mahindi yaliyokwisha kuingia. Hicho kipengele cha mwisho ndicho wanasheria wao watajaribu kukitoa. Kikitoka, msitie sahihi.

Mwenyekiti ameruhusu swali moja. Ndiyo, mama, mhazini wa Bahati. Anauliza: itakuwa nafuu kuliko kuni, kwa shilingi ngapi?

Asante mama. Siwezi kukutajia, na anayekutajia leo anabahatisha, kwa sababu nusu ya jibu iko kwenye vitabu vyako. Kila chama kiandike kwenye karatasi moja: magunia mangapi mnapokea na mwezi gani, unyevu wake siku ya kuingia, maziwa lita ngapi kwa siku na ngapi hurudishwa kwa kuharibika, kuni au dizeli mlizonunua mwaka uliopita na kwa bei gani, na kutoka ghala lenu hadi Menengai ni kilomita ngapi za barabara. Mkishampa katibu karatasi hizo, tutazijumlisha, na hapo tutabisha mlango wa GDC tukiwa wateja wenye mzigo unaojulikana uzito. Wa Homa Bay waje na vipimo vya chemchemi. Yule kijana wa Solai mwenye kipimo cha unyevu akubali kukiazima kwa vyama visivyo nacho, na akirudishiwa kikiwa kimevunjika, mwenyekiti atanunua kingine. (Makofi.) Mmesikia amekubali.